Dawa Inayoliwa Njiani: Maji ya Kigoma na Mkaa Tusioutengeneza

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Katika dunia nzima ni Ziwa Baikal pekee linalolizidi kwa kina. Limebeba takriban asilimia 16 ya maji baridi yote yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa ardhi. Mtu asiyetufahamu akizisoma takwimu hizo atadhani kwamba mkazi wa Ujiji, Mwanga au Katonga hana sababu ya kulitaja neno maji kwa masikitiko. Sisi tuliozaliwa huko tunajua kwamba kuishi kando ya maji ni jambo moja, na kunywa maji salama ni jambo jingine.

Kila mwaka wageni hufika Ujiji kuliona eneo ambalo Stanley alikutana na Livingstone mwaka 1871. Hupiga picha, husikiliza maelezo, kisha huondoka. Sijapata kusikia mgeni akiuliza wenyeji wa mtaa ule wanakunywa maji gani. Si kosa lake, kwa maana swali hilo hata sisi wenyewe tumelipa jibu jepesi mno: bomba limefika au halijafika? Makala hii inahusu kile kinachotokea baada ya bomba kufika.

Nimefundisha kemia ya maji kwa zaidi ya miaka kumi, na katika muda huo nimekuwa na mjadala usiokwisha na shangazi yangu wa Ujiji. Nyumbani kwake bomba lipo. Maji ya bomba huyatumia kufulia, kuoshea vyombo na kumwagilia mchicha. Ya kunywa huagiza yachotwe ziwani alfajiri, kabla mitumbwi haijayavuruga, na huyahifadhi katika mtungi. Nilipomuuliza sababu kwa mara ya kwanza, alinijibu kwa upole anaoutumia kwa wapwa waliosoma kupita kiasi: “Mwanangu, maji yanayonuka dawa ni ya kufulia. Wewe ungemkaribisha mgeni kwa maji yanayonuka hivyo?”

Ningeweza kumhutubia kuhusu kipindupindu, na nilimhutubia. Alinisikiliza, akaniambia “ahsante, baba,” kisha akachota kata ya maji mtungini na kunywa. Baadaye nilitambua kwamba hoja yake ilistahili jibu la kikemia, wala haikustahili hotuba. Kwa nini maji yale yananuka? Na kwa nini siku nyingine, hasa masika, harufu ile hutoweka kabisa mwisho wa bomba, jambo ambalo kwa mtaalamu linatisha zaidi kuliko harufu yenyewe?

Jibu limo katika kitu kisichoonekana. Mvua inaponyesha, maji hupita katika majani yaliyooza, mashamba, vinamasi na mitaro, na huyeyusha humo mabaki ya mimea na viumbe. Wataalamu huyaita mabaki hayo mata-ogani iliyoyeyuka. Ni kile kile kinachoipa chai rangi yake: ukiondoa majani kwa kichujio, rangi hubaki, kwa sababu imo ndani ya maji yenyewe. Katikati ya ziwa, maji yetu ni miongoni mwa yaliyo angavu zaidi barani Afrika, na mata hii ni kidogo. Ghubani na kwenye midomo ya mito hali hubadilika kwa majira. Kusini mwa Ujiji, Mto Luiche huingia ziwani kupitia delta yenye matete na mashamba. Mbele zaidi huja Malagarasi, mto unaopitia ardhioevu ya Malagarasi–Muyovozi, ambayo mwaka 2000 ilikuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar. Ardhioevu hiyo ni hazina ya ndege, samaki na watu, na pia ni birika kubwa la chai.

Klorini inapotiwa katika maji yenye mata hiyo, haiendi moja kwa moja kuua vimelea. Humenyuka kwanza na kila inachokikuta. Darasani huwaonyesha wanafunzi jambo hili kwa chupa mbili: moja ina maji angavu, nyingine ina maji yaliyopita kwenye matete na kuchujwa yakawa safi kwa macho. Tunatia kiasi kile kile cha klorini katika zote mbili. Kesho yake tunadondosha kidonge cha kupimia. Chupa ya kwanza hugeuka rangi ya waridi, kumaanisha dawa ingalipo. Ya pili hubaki kama ilivyokuwa. Dawa imeliwa. Wanafunzi hucheka, kisha hunyamaza wanapouliza swali linalofuata: je, kama chupa ile ya pili ni bomba la kilomita kadhaa, lenye nyufa, na maji yanakatika mara kwa mara?

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba klorini huru iliyosalia isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mtumiaji anapochotea. Kiasi hicho ndicho mlinzi wa mwisho. Bomba linapokosa shinikizo, maji machafu ya ardhini huweza kupenya ndani, na mlinzi huyo ndiye anayebaki kukabiliana nayo. Mendesha mtambo anayeona mlinzi wake anatoweka njiani huongeza dozi. Matokeo yake wanaokaa karibu na mtambo hupata maji yanayonuka, huku wa mwisho wa bomba wakipata maji yasiyo na ulinzi. Wa kwanza huyakataa maji kwa harufu yake. Wa mwisho huyanywa kwa imani.

Liko pia jambo la tatu. Mwaka 1974 mkemia Johannes Rook, aliyefanya kazi katika huduma ya maji ya jiji la Rotterdam, alichapisha ugunduzi kwamba klorini ikikutana na mata ya mimea huzalisha klorofomu na ndugu zake, kundi linaloitwa trihalomethani. Miaka mitano baadaye Marekani iliweka kikomo cha mikrogramu 100 kwa lita, kwa hofu ya madhara kwa anayeyanywa maji hayo miaka mingi. Hapa naomba nieleweke vizuri, kwa kuwa taarifa kama hii ikianguka mikononi mwa wapotoshaji hugeuka sumu. Hatari ya trihalomethani ni ndogo, nayo huhesabiwa kwa miongo. Hatari ya kipindupindu huhesabiwa kwa saa. Shirika la Afya Duniani limesisitiza mara nyingi kwamba uuaji wa vimelea usilegezwe kwa kuogopa mazao hayo ya kikemia. Anayekwambia uache klorini kwa sababu ya saratani anakutoa kwenye manyunyu akupeleke mtoni.

Watu wa Kigoma hawahitaji kukumbushwa kwa nadharia. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya ndugu zetu waliokimbia Burundi walirundikana katika kijiji cha Kagunga, kati ya mlima na ziwa, bila vyoo vya kutosha na bila maji mengine ila ya ziwa. Kipindupindu kikazuka. Maelfu waliugua na zaidi ya 30 walifariki, huku MV Liemba ikienda na kurudi kuwaleta manusura mjini Kigoma. Ng’ambo ya kaskazini magharibi, katika mji wa Uvira nchini Kongo, watafiti waliochunguza rekodi za mwaka 2009 hadi 2014 walikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa waliolazwa kwa dalili za kipindupindu walihusiana na siku ambazo maji ya bomba yalikatika. Maji yakikatika, watu hurudi ziwani. Ni ziwa lile lile ambalo shangazi yangu huchota alfajiri.

Basi dawa ya dawa ni ipi? Kuondoa chakula chake kabla haijatiwa. Kazi hiyo ina hatua zake. Shabu, ambayo bibi zetu waliijua kabla ya wahandisi, hugandisha udongo na sehemu ya ile mata yenye molekuli kubwa, ikatuama. Mchanga huchuja kilichobaki kikielea. Lakini sehemu iliyoyeyuka kwa ukamilifu hupita kote huko salama salimini. Hapo ndipo linapohitajika chujio la mkaa lenye uhai.

Mkaa ninaoutaja si ule wa jikoni. Mkaa ulioamilishwa huchomwa upya kwa mvuke katika joto la nyuzi 800 hadi 1,000, ukatobolewa vitundu visivyohesabika, kiasi kwamba gramu moja hubeba uso wa ndani wa mita za mraba mia kadhaa, na aina nyingine hupita 1,000. Mata iliyoyeyuka hunasa humo. Baada ya miezi michache vitundu hujaa, na kwa hesabu ya zamani mkaa huo ulipaswa kutolewa na kuchomwa tena kwa gharama kubwa. Katika miaka ya 1970, wahandisi wa mji wa Mülheim, kando ya Mto Ruhr nchini Ujerumani, waliondoa klorini iliyokuwa ikitiwa mwanzoni mwa mtambo na kuweka ozoni mahali pake. Kwa kuwa klorini haikuwapo tena, bakteria wasio na madhara walifanya makazi katika chembe za mkaa, wakajenga utando, wakaanza kula mata iliyokuwa ikiletwa na maji. Mkaa uliodhaniwa kuwa umechoka ukaendelea kufanya kazi kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu sasa ulikuwa na wafanyakazi. Ozoni nayo ilisaidia kukata molekuli kubwa ziwe vipande vinavyolika.

Msomaji anayedhani hiyo ni anasa ya Wazungu na aelekee Windhoek. Mji mkuu wa Namibia umekuwa ukisafisha majitaka na kuyarudisha katika maji ya kunywa tangu mwaka 1968. Mtambo wake mpya wa Goreangab, ulioanza kazi mwaka 2002, unatumia ozoni, kisha mkaa wenye uhai, kisha mkaa mwingine wa kunasa, kabla ya hatua za mwisho. Namibia haikufanya hivyo kwa kupenda makuu. Ililazimishwa na jangwa.

Sisi tunalo jambo ambalo Ujerumani haina. Bakteria ni viumbe wa joto. Maji ya mto wa Ulaya yakishuka hadi nyuzi chache wakati wa baridi, kazi ya utando huo hupungua sana. Maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hukaa karibu na nyuzi 25 mwaka mzima. Wafanyakazi wetu hawana likizo ya baridi.

La pili ni malighafi. Mkaa ulioamilishwa duniani hutengenezwa kwa makaa ya mawe, mbao, vifuu vya nazi na, katika nchi za Asia zinazolima michikichi, kwa maganda magumu ya mbegu zake. Ndugu msomaji, nani nchini Tanzania asiyejua kwamba mchikichi ni mti wa Kigoma? Mawese hukamuliwa, mise hupasuliwa kutoa mafuta ya sabuni, na yale maganda magumu hutupwa au huchomwa kama kuni. Tangu mwaka 2018, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipolivalia njuga suala la kufufua zao hili, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha mbegu bora na miche. Michikichi hiyo ikikomaa, maganda yataongezeka. Hata hivyo, mhandisi wa Kitanzania anayetaka mkaa wa kuchujia maji bado hufungua orodha za wauzaji wa ng’ambo. Wahenga walisema penye miti hakuna wajenzi. Kwetu wajenzi wapo, tunawafundisha, tunawavisha majoho, kisha hatuwapi kazi.

Sitaki kuuza ndoto. Chujio hili lina masharti. Halitoi mata yote. Kwa kawaida hutoa ile sehemu inayolika, na sehemu sugu hubaki. Maji yanapaswa kukaa ndani ya mkaa dakika 10 hadi 20, kwa hiyo linahitaji nafasi. Haliruhusu klorini itiwe kabla yake, wala lisioshwe kwa maji yenye klorini, la sivyo unawaua wafanyakazi wako mwenyewe. Linahitaji hewa: umeme ukikatika na maji yakasimama, oksijeni huisha, utando huanza kuoza, na harufu itakayotoka itamfanya shangazi yangu aitamani klorini. Baada yake klorini bado itatiwa, kwa dozi ndogo, kwa sababu baadhi ya bakteria huponyoka pamoja na maji.

Sharti la umeme ndilo zito zaidi kwetu. Kigoma ni mkoa ulioishi miaka mingi kwa jenereta za dizeli, na ozoni hula umeme pamoja na vipuri na mafundi. Kwa hiyo sipendekezi tunakili Mülheim. Iko njia ya zamani zaidi. Chujio la mchanga la mwendo wa polepole, lililoanza kuhudumia wakazi wa London mwaka 1829, halihitaji ozoni wala mashine nyingi. Maji hushuka kwa uzito wake yenyewe na utando wa viumbe juu ya mchanga hufanya kazi. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu zaidi ya 8,000 mjini Hamburg, uliokunywa maji ya Mto Elbe bila kuchujwa. Altona, mji jirani uliochota mto huo huo, tena chini ya Hamburg, lakini ukachuja kwa mchanga, ulinusurika kwa kiasi kikubwa. Miaka mia moja baadaye London iliongeza tabaka la mkaa katikati ya mchanga huo. Kwa mji wenye joto la kudumu, milima inayoshuka hadi ziwani na maganda ya mise, sioni muundo unaotufaa kuliko huo.

Katika kikao kimoja nilichoalikwa miaka michache iliyopita nilitoa pendekezo linalokaribiana na hili. Mkubwa mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja wala kuitaja ofisi yake, alinijibu mbele ya watu: “Daktari, wananchi wanataka maji, hawataki sayansi.” Ukumbi ulicheka. Nimeifikiria kauli ile mara nyingi, kwa sababu haikuwa ya kipumbavu. Aliyeisema alikuwa na orodha ya vijiji visivyo na bomba hata moja, na kila shilingi inayokwenda kwenye mkaa haitakwenda kwenye bomba. Huo ni ukweli unaouma, na msomi asiyeuona hastahili kusikilizwa.

Ila kauli ile ina historia. Mwaka 1971 taifa hili lilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji safi karibu na nyumbani. Lengo halikufikiwa, na katika kulikimbilia tulijenga mazoea ya kuhesabu vituo vya kuchotea, urefu wa mabomba na idadi ya wanaohudumiwa. Tulichokipima ndicho tulichokijenga. Kituo kinachotoa maji yasiyonyweka, au yanayokataliwa kwa harufu, kimehesabiwa sawasawa na kinachotoa maji salama. Shangazi yangu, katika jedwali la serikali, amehudumiwa.

Ndiyo maana ombi langu la kwanza kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa halihusu mkaa hata kidogo. Ni kipimo. Mata iliyoyeyuka hufyonza mwanga wa urujuanimno wa nanomita 254, na kifaa cha kuupima kimo katika maabara nyingi za vyuo na za maji. Tupime maji ghafi ya Kigoma kila wiki kwa mwaka mzima, kiangazi na masika, kwenye chanzo na kwenye bomba la mwisho, pamoja na klorini iliyosalia. Ikionekana kwamba maji ya chanzo ni angavu mwaka mzima na dawa inafika salama, basi fedha ziende kwenye mabomba na nyufa, nami nitaandika hapa kwamba mkaa usubiri. Ikionekana kwamba dawa inaliwa njiani masika, tutakuwa na hoja isiyochekwa ukumbini.

Ombi la pili ni kwa vyuo, TARI Kihinga na SIDO. Lichukuliwe gunia la maganda ya mise, litengenezwe mkaa, lijazwe katika bomba la kipenyo cha ndoo, na maji ya ziwa yapitishwe humo kwa miezi kumi na miwili. Gharama yake haifiki ya semina moja ya siku tatu hotelini. Mamlaka ya Maji Kigoma/Ujiji ikiruhusu kona moja ya uwanja wake, kazi inaweza kuanza kabla ya mvua zijazo.

La tatu ni letu sote. Ziwa hili hutoa maji kidogo sana kupitia Mto Lukuga, na mengi huondoka kwa mvuke. Tunachokitia humo hukaa. Mwaka 2003, jijini Dar es Salaam, nchi nne zinazolizunguka zilitia saini mkataba wa kulihifadhi. Mlima unaolimwa hadi ukingoni na mtaro wa Mwanga unaomwaga ghubani ni sehemu ya gharama ya maji ya kunywa, hata kama bajeti zake zipo katika wizara tofauti. Chujio la kwanza la mji ni msitu, na halihitaji umeme.

Kwa wanafunzi wangu wanaotafuta mada ya tasnifu na kuniandikia kwamba mada zote zimekwisha: nimezitaja tatu humu, na ofisi yangu haijafungwa. Njooni na chupa mbili, moja ya maji ya katikati ya ziwa na nyingine ya mdomo wa Luiche baada ya mvua. Kidonge cha kupimia ninacho.